Dar hadi Casablanca: Kilomita 6,650 na siku sita za kuzimaliza

KILA droo ya michuano ya CAF inapopangwa, swali la kwanza vijiweni ni nani kapangwa na nani. La pili huja kimyakimya, na mara nyingi linaulizwa na watu wa benchi la ufundi na meneja wa timu: tunafikaje huko?

Swali hilo huwa gumu zaidi jina linalotoka kwenye bakuli likiwa Raja, Wydad, RS Berkane au timu nyingine ya Morocco. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Mohammed V, Casablanca, ni takribani kilomita 6,650 ukipima kwa mstari mfupi kabisa angani. Ndege ikiruka moja kwa moja ingekula muda wa saa nane hivi. Tatizo ni kwamba timu haisafiri kwa mstari wa kwenye ramani. Inasafiri kwa tiketi, na tiketi ina njia zake.

Simba na Yanga zimezoea kufika hatua za juu Afrika, na wakubwa wengi wa huko wako Kaskazini. Shabiki anayetaka kujua kwanini timu yake huonekana nzito ugenini dakika 20 za kwanza anapaswa kuijua safari hii: ni ndefu kiasi gani, inakula saa ngapi, inaumiza wapi, na wapi inasingiziwa bure.

MSTARI WA RAMANI NA NJIA YA TIKETI

Chora mstari mfupi kutoka Dar hadi Casablanca juu ya duara la dunia. Utaelekea kaskazini-magharibi, upite juu ya Ziwa Victoria na Uganda, uingie kaskazini-mashariki mwa Congo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad na Niger, ukate Jangwa la Sahara ndani ya Algeria, kisha uteremke Morocco karibu na bahari ya Atlantiki. Ni Afrika nzima, kutoka kona moja hadi nyingine.

Abiria wa kawaida hapiti huko. Anapanda ndege Dar, anaenda kuunganisha Istanbul, Doha au Dubai, kisha anarudi magharibi. Ukienda kwa njia ya Istanbul, kipande cha kwanza ni kama kilomita 5,460 na cha pili ni kama 3,300. Jumla unakaribia 8,800. Kwa njia ya Doha ni mbali zaidi: kama 3,800 kwenda Qatar, kisha 5,700 na ushee kurudi magharibi hadi Casablanca. Jumla inapita 9,500.

Yaani mchezaji anayepita Doha ameongezewa karibu kilomita 2,900 ambazo kwenye ramani hazipo. Ni kama kutoka Dar hadi Johannesburg, na bado chenji inabaki. Anaanza kwa kuruka kaskazini-mashariki wakati anakokwenda ni kaskazini-magharibi.

Sasa weka saa. Dar hadi Istanbul ni kama saa saba angani. Istanbul hadi Casablanca ni kama saa tano. Hapo ni 12 na bado hujaongeza kufika uwanjani saa tatu kabla, kusubiri ndege ya pili, foleni ya uhamiaji, mizigo ya timu na basi la kwenda hotelini. Kwa mpango mzuri, safari ya mlango kwa mlango inagonga saa 18. Kwa mpango mbaya, wa kusubiri nusu siku kwenye viti vya uwanja wa ndege, unavuka saa 24 bila kulala kitandani.

Kwenda pia ni kugumu kuliko kurudi. Kwenye latitudo za Kaskazini mwa Afrika na Mashariki ya Kati, pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege inayotoka Doha kwenda Casablanca inapigana na upepo huo, ya kurudi inasukumwa nao. Tofauti inaweza kupita nusu saa. Timu inakula upepo wa mbele wakati inaenda kucheza, na inapata upepo wa nyuma wakati mechi imeshaisha.

MADRID WALIKWENDA ALMATY, DUNIA IKASHANGAA

Ili kuujua uzito wa safari hii, tazama Ulaya walivyoshangaa msimu wa 2025/26, Kairat ya Kazakhstan ilipoingia Ligi ya Mabingwa. Mji wao, Almaty, uko mashariki kabisa, karibu na mpaka wa China. Sporting ya Lisbon ilipopangwa nao, wapenzi wa takwimu walitoa rula: Almaty hadi Lisbon ni kama kilomita 6,900. Kwa Real Madrid kwenda Almaty ilikuwa ni kama 6,400, na safari hiyo ikawa habari kubwa kuliko mechi yenyewe.

Kilomita 6,400 ni pungufu ya Dar hadi Casablanca. Safari ambayo Ulaya inaiona kama kichekesho cha ramani, Simba iliifanya mara mbili ndani ya mwezi mmoja mwaka 2023, na hakuna aliyetoa rula.

Madrid walipigwa 5-2 na Atletico Jumamosi ya Septemba 27, 2025. Jumanne ya Septemba 30 walikuwa Almaty, tofauti ya saa tatu na nyumbani, na wakashinda 5-0, Kylian Mbappe akipiga hat-trick. Kairat si Wydad, hilo lijulikane. Ila somo lipo: siku tatu, kilomita 6,400, na miguu ilikuwa bado inakimbia. Ukiwa na ndege yako mwenyewe, inayoondoka saa unayotaka na kutua unapotaka, umbali unapungua makali. Timu inapanda mara moja, inashuka mara moja.

Australia nako wana yao. Kwenye A-League, Perth Glory ikicheza na Wellington Phoenix ya New Zealand, timu ya ugenini inaruka zaidi ya kilomita 5,200 kwa mechi moja ya ligi. Hiyo nayo haifiki Casablanca.

SIKU SITA ZA SIMBA, SIKU SITA ZA YANGA

Mwaka 2023 ndio unaofaa kuwa darasa, kwa sababu wakubwa wote wawili wa Kariakoo walipanda kwenda Kaskazini katika mechi zenye uzito wa mwisho, na kalenda ikawapa muda uleule.

Simba iliikaribisha Wydad kwa Mkapa, Aprili 22, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Jean Baleke akafunga, ikaisha 1-0. Marudiano yakawa Aprili 28 Casablanca. Siku sita. Wydad, ambao walikuwa mabingwa watetezi, wakapata bao lao kupitia Bouly Sambou kipindi cha kwanza, ngoma ikaenda kwenye matuta na Mnyama akatoka kwa penalti 4-3.

Mwezi mmoja baadaye ikawa zamu ya Wananchi. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Mei 28, kwa Mkapa: Yanga 1, USM Alger 2. Marudiano Juni 3, Algiers. Tena siku sita. Dar hadi Algiers ni kama kilomita 6,100. Safari hii Serikali ilitoa ndege ya kuwapeleka wachezaji pamoja na mashabiki, na Yanga wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa faida ya mabao ya ugenini.

Siku sita zinaonekana nyingi kwa anayeangalia kalenda ukutani. Zikate vipande uone. Siku ya kwanza baada ya mechi ni ya kupumzisha misuli, hakuna kocha anayemkimbiza mtu aliyecheza dakika 90 jana yake. Siku ya pili ni ya safari, na ikichelewa inaingia ya tatu. Siku ya mwisho kabla ya mechi ni mazoezi mepesi kwenye uwanja wa mchezo, mkutano na waandishi na kikao cha maandalizi. Kinachobaki kwa kocha kufundisha mpira wenyewe ni siku moja, ikizidi mbili. Ndege ikichelewa Istanbul kwa saa sita, imekula robo ya muda huo.

Kwa hesabu hiyo, thamani ya ndege ya kukodi haiko kwenye viti laini. Iko kwenye siku moja ya mazoezi inayorudishwa mkononi mwa kocha.

NANI KARUKA ZAIDI?

Hapa ndipo mashabiki wengi hupitiwa. Inasemwa sana kwamba timu yetu ilichoka kwa sababu ya safari. Sawa, lakini mpinzani je?

Kabla ya filimbi ya kwanza Aprili 28, Simba walikuwa wameruka njia moja tu: Dar kwenda Casablanca. Wydad walikuwa wameshakwenda Dar na kurudi. Kwa mstari wa ramani, Simba walikuwa na kilomita 6,650 miguuni, Wydad walikuwa na zaidi ya 13,000. USM Alger vilevile, walikuwa na 12,000 na ushee dhidi ya 6,100 za Yanga. Katika mechi za nyumbani na ugenini, timu inayomalizia nyumbani ndiyo iliyosafiri mara mbili.

Kumbe kama kilomita ndizo zingekuwa zinaamua, Wydad na USM ndio walipaswa kupauka. Hawakupauka, kwa sababu umbali una mwenzake asiyeonekana kwenye ramani. Anaitwa saa.

Aliyerudi kwake amerudi kwenye kitanda chake, chakula chake na muda wake wa kulala. Mwili wake haukuwahi kuhama. Alikaa Dar siku chache, hazikutosha kumbadilisha, akarudi. Mgeni anafika na mwili ambao bado uko Dar es Salaam. Wataalamu wa michezo hukadiria kwamba mwili unahitaji kama siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti. Tofauti ya saa mbili, siku mbili. Tofauti ya saa tatu, siku tatu.

SAA YA MOROCCO NA MCHEZO WAKE

Tanzania ipo saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, haibadiliki. Morocco ina tabia yake. Kwa kawaida ipo saa moja mbele ya Greenwich, hivyo tofauti na Dar ni saa mbili. Ukifika mwezi wa Ramadhani, wanarudisha saa nyuma. Tofauti inakuwa saa tatu. Ramadhani ikiisha, wanazirudisha tena mbele.

Mwaka 2023 jambo hilo liliwapitia Simba pabaya. Mechi ya makundi dhidi ya Raja ilichezwa Casablanca Machi 31, ndani ya Ramadhani, saa 4 usiku kwa saa za kule ili watu wawe wamefuturu. Kwa Dar ilikuwa saa 7 usiku, tarehe imeshageuka kuwa Aprili 1. Waliobaki nyumbani waliangalia kwenye vibanda umiza huku wakipiga miayo. Simba walipoteza 3-1.

Wakati shabiki anasinzia Manzese, mchezaji naye mwili wake ulikuwa unamwambia ni saa 7 usiku. Tofauti ni kwamba shabiki anaruhusiwa kusinzia. Beki akichelewa kwa nusu sekunde, mpira uko wavuni.

Kisha ikaja Wydad. Mechi ya kwanza, Aprili 22, Morocco walikuwa bado kwenye saa za Ramadhani, tofauti saa tatu. Siku iliyofuata, Aprili 23, wakasogeza saa mbele. Marudiano yakachezwa kwa tofauti ya saa mbili. Katikati ya mechi mbili za robo fainali, saa ya ukutani ya mpinzani ilibadilishwa. Safari hii Simba walicheza vizuri zaidi, wakaenda hadi matuta.

Haina maana kwamba saa ndiyo ilifunga au kuokoa. Raja ile ile iliwapiga Simba 3-0 Dar es Salaam, kwa saa zetu, kwa joto letu, mbele ya watu wetu. Ubora ni ubora. Ila timu mbili zinapokaribiana uwezo, kama Simba na Wydad walivyokaribiana hadi kwenye penalti, ndipo vitu vidogo kama usingizi vinapopata sauti.

CAIRO NI MBALI, LAKINI NI SAA ILE ILE

Umbali wa kwenda juu au chini kwenye ramani hauumizi kama wa kwenda kushoto au kulia. Cairo ni mfano.

Dar hadi Cairo ni kama kilomita 4,200, karibu mara tatu ya kwenda Lubumbashi kwa TP Mazembe. Lakini Cairo iko karibu kaskazini moja kwa moja. Mwaka 2023 Misri ilirudisha utaratibu wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi chao, na katika kipindi hicho saa ya Cairo na ya Dar inakuwa moja. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba mwaka huo, Simba ilipocheza na Al Ahly kwenye African Football League. Oktoba 20 Dar, sare ya 2-2. Oktoba 24 Cairo, sare ya 1-1. Siku nne tu katikati, na Simba hawakufungwa na klabu kubwa kuliko zote Afrika. Walitolewa kwa faida ya mabao ya ugenini, lakini miguuni walikuwa sawa.

Ukienda nyuma zaidi, mwaka 2003, Simba walikwenda Cairo na ushindi wa 1-0 dhidi ya Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi. Wakafungwa 1-0, zikapigwa penalti, Juma Kaseja akiwa golini, na Zamalek wakavuliwa ubingwa nyumbani kwao. Hadi leo ni moja ya usiku mkubwa katika historia ya Msimbazi.

Sasa ulinganishe na Kinshasa. Ni kama kilomita 2,640 tu kutoka Dar, tofauti ya saa mbili. Januari 2019 Simba walikwenda huko kucheza na AS Vita wakarudi na tano bila. Karibu, lakini kipigo kizito kuliko vyote vya Casablanca vilivyotajwa hapa. Miezi miwili baadaye Vita walikuja Dar wakalala 2-1, na Simba ikaenda robo fainali.

JIRANI ASIYEFIKIKA

Kuna umbali mwingine ambao hata ndege ya kukodi haiumalizi: wa siasa.

Casablanca hadi Algiers ni kama kilomita 1,050. Ni pungufu ya basi la Dar hadi Mwanza. Lakini Septemba 2021 Algeria ilifunga anga yake kwa ndege za Morocco. Tangu hapo, majirani hao wawili wanaweza kuwa mbali kuliko Dar na Cairo.

Soka limelipa gharama yake. Januari 2023, Algeria ilipoandaa CHAN, Morocco walikuwa mabingwa watetezi, wamelichukua kombe mara mbili mfululizo. Walitaka kuruka moja kwa moja kutoka Rabat hadi Constantine kwa ndege ya shirika lao, Royal Air Maroc. Ruhusa haikupatikana. Bingwa mtetezi hakwenda. Safari ambayo ingechukua muda mfupi kuliko filamu moja ya Kihindi iliondoa timu bora kwenye mashindano.

Kwa timu ya Afrika Mashariki, hilo lina maana yake. Anga inapofungwa au nchi inapoingia vitani, ndege huzunguka. Mstari wa ramani unapita juu ya nchi ambazo baadhi zina misukosuko, na marubani hupangiwa njia kulingana na hali ya siku hiyo. Meneja wa timu anayepanga safari ya Morocco au Algeria anapaswa kusoma habari za dunia kama anavyosoma ratiba ya ligi.

NJIA INAYOISHIA BARABARANI

Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, mpinzani RS Berkane. Berkane si Casablanca. Ni mji wa mashariki mwa Morocco, karibu na mpaka wa Algeria, na uwanja wa ndege mkubwa wa karibu ni wa Oujda, mwendo wa kama kilomita 60 kwa barabara. Kwa mgeni, baada ya ndege mbili bado kuna kipande kingine cha kufika.

Mechi ya kwanza ilichezwa kule Mei 17. Berkane wakafunga mara mbili ndani ya robo saa ya kwanza, ikaisha 2-0. Hayo ndiyo mabao ambayo makocha wanayaogopa baada ya safari ndefu. Mwili unaamka taratibu, mwenyeji anajua hilo, anakuja na presha tangu filimbi ya kwanza. Mgeni akivuka dakika 20 bila kufungwa, nusu ya kazi ameimaliza.

Marudiano yakawa Mei 25, Uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Joshua Mutale akafunga mapema, matumaini yakarudi, lakini ikaisha 1-1 na kombe likapanda ndege kwenda Morocco.

FAINALI ZILIPOPOTEA NYUMBANI

Kabla shabiki hajailaani ndege, apitie fainali za nyuma.

Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan, Ivory Coast. Dar hadi Abidjan ni karibu kilomita 5,000, tofauti ya saa tatu kamili. Simba walikwenda huko, wakatoka 0-0. Safari waliimudu. Wakarudi Dar, uwanja umefurika, na wakafungwa 2-0.

Mwaka 2023 Yanga waliruka kilomita 6,100 wakashinda Algiers. Kombe lilikuwa limeshapotea Dar, kwa yale mabao mawili ya USM. Mwaka 2025 Simba walihitaji kushinda Zanzibar, wakatoa sare.

Fainali tatu, na katika zote tatu timu yetu haikushinda mechi ya nyumbani. Katika mbili, mechi ya ugenini haikuleta kipigo kabisa. Safari ni ngumu, hilo halina ubishi, lakini rekodi inasema wazi kwamba makombe haya hayakudondoka njiani.

Robo fainali ya Wydad nayo inasema hivyo kwa upande wake. Bao 1-0 ni ushindi, ila ni akiba ndogo ya kupeleka mahali ambapo mwenyeji amelala kwake. Timu inayojua itaruka saa 18 na kucheza kwa saa zisizo zake inapaswa kutafuta la pili na la tatu kwa Mkapa, kwa sababu bao la nyumbani halihitaji tiketi.

KINACHOWEZA KUFANYIKA

Kilomita haziwezi kupunguzwa. Casablanca haitasogea. Vinavyoweza kupunguzwa ni vitu vingine, na timu nyingi duniani zinavifanya.

Kwanza ni kuhamisha saa kabla ya kuhama mwili. Siku mbili tatu kabla ya kuondoka, kikosi kinachelewesha mazoezi, chakula cha usiku na muda wa kulala kwa saa moja moja. Mchezaji anaondoka Dar akiwa ameshafika nusu ya Morocco kichwani. Kwa bahati nzuri, kwenda magharibi ni rahisi kwa mwili kuliko kwenda mashariki, maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulala mapema.

Pili ni maji. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, na mchezaji anayekaa saa saba bila kunywa vya kutosha anashuka akiwa na upungufu wa maji huku yeye anadhani ni uchovu. Miguu nayo huvimba kwa kukaa. Ndiyo maana utaona wachezaji wakitembea kwenye korido ya ndege na kuvaa soksi za kubana. Si mapozi.

Tatu ni kuchagua mahali pa kuunganisha kwa saa, siyo kwa bei peke yake. Tiketi ya bei nafuu yenye saa tisa za kusubiri ni ghali uwanjani.

Nne ni ndege ya moja kwa moja pale fedha au mdhamini anaporuhusu. Kutoka saa 18 au 24 hadi nane ni zawadi ya siku nzima.

Yote haya ni anasa kwa timu nyingi za Ligi Kuu. Zipo klabu zinazotoka Dar hadi Bukoba kwa basi, barabara inayokaribia kilomita 1,400, na kushuka siku ya pili zikiwa na vumbi. Kwa saa zinazotumika, basi hilo na ndege ya Casablanca kwa njia ya Istanbul havipishani sana. Mchezaji wa timu ndogo anaijua jet lag bila kuvuka saa hata moja.

UMBALI KUTOKA DAR KWA MSTARI WA ANGANI (TAKRIBANI)

Lubumbashi: km 1,380
Johannesburg: km 2,440
Kinshasa: km 2,640
Cairo: km 4,200
Abidjan: km 4,970
Tunis: km 5,720
Algiers: km 6,120
Casablanca: km 6,650

ZAMU YAO INAKUJA

AFCON ya 2027 itafanyika Tanzania, Kenya na Uganda. Morocco, Algeria na Tunisia zikifuzu, ndizo zitakazopanda ndege kuja huku, zitakazofika na miili iliyobaki kwao, zitakazotafuta usingizi kwa saa ambazo miili yao inaona bado ni jioni. Kwao itakuwa ni kwenda mashariki, ule upande ambao mwili unauchukia zaidi.

Taifa Stars watakuwa kwenye vitanda vyao. Faida ambayo Wydad walikuwa nayo Aprili 28, 2023 itakuwa upande wetu, bila kulipia hata tiketi moja. Kilichobaki ni kile ambacho fainali za 1993, 2023 na 2025 zilikidai na hakikupatikana: kushinda nyumbani.